Milioni 15 kwa Nyimbo Nne: Staa wa Kufunga Shoo Anastahili Mkwanja Wote Huo?

Bango likishabandikwa kwenye nguzo za Kabwe na Mwanjelwa, au pale Miyomboni Iringa, swali la kwanza la wana huwa si nani anakuja. Jina linaonekana, limeandikwa kwa herufi zilizokula nusu ya bango. Swali ni "kachukua ngapi?" Hapo kila mtu ana jibu lake. Kijiwe cha bodaboda watasema kumi, muuza chipsi atasema ishirini, halafu kuna yule rafiki wa binamu wa promota atakayesema thelathini kwa uhakika wa mtu aliyehesabu noti mwenyewe.

Ukweli wanaujua watu wawili tu, meneja na promota, na hao nao ukiwauliza kila mmoja ana tarakimu yake. Lakini ugomvi hauhitaji tarakimu kamili. Ugomvi ni huu: staa anapanda jukwaani saa saba usiku, anaimba nyimbo nne, mbili kati ya hizo sauti yake inatoka kwenye kompyuta ya DJ, anapiga kelele "Mbeya mpooo!", anatupa fulana moja kwa mashabiki, anasepa. Dakika 25. Dogo wa Iyunga aliyeimba saa tatu usiku, watu bado wanapekuliwa getini, anaondoka na hela ya bajaji. Wakati mwingine hata hiyo hana, anaambiwa amepewa jukwaa, ashukuru.

Huu ugomvi haukuanzia Uwanja wa Sokoine wala Samora. Wamarekani wanao huo huo kwa miaka mingi, ila wao wanagombana kuhusu besiboli. Kwa Tanzania mchezo wenyewe bado uko kwenye shule chache, kwa hiyo kwa kifupi: mechi ina awamu tisa, na kila timu ina warushaji wa mpira. Kuna anayeanza, kuna wanaopokea katikati, halafu kuna mmoja anayekaa benchi akitafuna bigijii hadi awamu ya tisa. Timu ikiwa mbele kwa pointi moja, mbili au tatu, ndipo anaingia. Kazi yake ni kuwatoa wapigaji watatu, mechi iishe, watu wapeane mikono. Huyo ndiye wa kufunga.

Sasa sikia hela. Novemba 2022 timu ya New York Mets ilimsainisha Edwin Díaz, mrushaji wa kufunga, mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 102. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 230. Msimu uliokuwa umetoka kuisha, timu ilicheza mechi 162, na yeye akarusha jumla ya awamu 62. Ukipiga hesabu, ni kama asilimia nne tu ya kazi yote ya kurusha mpira ya timu nzima. Na alikuwa na mbwembwe za staa wa shoo kabisa: akitoka kuelekea uwanjani, spika zinapiga wimbo wa tarumbeta, uwanja mzima umesimama unacheza. Mtu hajarusha hata mpira mmoja na tayari watu wameshalipuka. Inakukumbusha nani?

Kilichofuata ni hadithi ya kuumiza roho. Machi 2023, kabla msimu haujaanza, Díaz aliifungia Puerto Rico mechi dhidi ya Jamhuri ya Dominika. Wakashinda, wakarukaruka kushangilia, goti likaachia palepale kwenye shangwe. Msimu wote wa 2023 hakucheza. Timu ilikuwa imenunua dakika za mwisho kwa bei ya dhahabu na dakika zenyewe hazikuwepo.

Turudi Nyanda za Juu Kusini. Wale wanaosema staa anaiba hela ya promota wanakosea mahali pamoja, nalo ni pakubwa. Wanadhani analipwa kwa zile dakika 25. Hapana. Analipwa kwa lile bango. Kazi yake kubwa inafanyika wiki mbili kabla hajafika, pale binti wa Chuo cha Mkwawa anapoliona jina lake na kuanza kutafuta wa kwenda naye, na fundi wa Uyole anapoamua wiki hii asinunue kiatu. Siku staa anashuka Songwe na miwani yake meusi, au gari lake linamaliza kona za Kitonga na kupandisha Ipogolo kuingia Iringa mjini, kazi aliyolipiwa kwa sehemu kubwa imeshaisha.

Chukua mfano, tarakimu ni za kukadiria tu. Staa anataka milioni 15. Jukwaa, vyombo, uwanja, vibali, ulinzi, matangazo, hoteli ya watu tisa na mafuta ya magari ziwe milioni 10. Jumla 25. Kiingilio kikiwa elfu kumi, promota anahitaji watu 2,500 walipe, ndipo naye apate hela ya soda. Ondoa jina la staa, weka madogo wa nyumbani sita. Gharama inashuka vizuri sana, lakini getini watakuja marafiki, ndugu, na wale waliokuwa wanapita. Promota si mjinga. Anajua ananunua nini.

Na staa naye tumpe haki yake. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kwenye hizo milioni 15 kuna madansa, DJ, meneja, mlinzi, mtu wa picha, na mjomba mmoja ambaye hakuna anayejua kazi yake ila yuko kila safari. Kuna miaka aliyoimba bure kwenye baa kama hao madogo wa leo. Halafu kuna kitu ambacho watu wa mitandaoni wanakipuuza kwa sababu hawajawahi kushika maiki mbele ya watu: umati wa saa saba usiku Mbeya, mwezi wa saba, baridi limeshaingia kwenye mifupa, nusu wamelewa, nusu wamechoka kusubiri na wote wamekasirika, si kitu cha mchezo. Kuugeuza umati huo ndani ya dakika kumi hadi watu wasahau miguu yao imekufa ganzi ni kipaji. Wasanii wanaokiweza ni wachache, na mtu mwenye kitu ambacho wengine hawana atakipangia bei.

Kwa hiyo anastahili? Kwa jina lake, mara nyingi ndiyo. Lakini hapo ndipo staa wa shoo anapoachana na mrushaji wa Marekani, na ndipo wana wa Mbeya na Iringa wana haki ya kukunja sura.

Mrushaji wa kufunga akizingua, kila mtu anaona. Ubao unaandika, kesho kocha anamhoji, akirudia mara tatu anapoteza nafasi. Mariano Rivera wa New York Yankees alifunga mechi 652 hadi anastaafu mwaka 2013, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli kwa kura zote, bila hata mpiga kura mmoja kumkataa. Heshima yake ilihesabiwa usiku baada ya usiku: aliingia, alifunga au hakufunga? Staa wetu hana ubao. Kishika uchumba kinatumwa kwa simu kabla bango halijachapwa, na hela iliyobaki inadaiwa hotelini kabla hajavaa viatu vya jukwaani. Akipanda na kuimba nusu wimbo, hela iko palepale. Akipanda saa tisa usiku watu wameshaanza kuondoka, hela iko palepale. Anayetukanwa ni promota, ambaye kesho ataonekana Mwanjelwa na maisha yake yote yatakuwa palepale Mwanjelwa, wakati staa alfajiri yuko njiani.

Hili la kuchelewa ndilo linalowaudhi watu kuliko bei. Staa yuko hotelini dakika kumi kutoka uwanjani. Watu wapo tangu saa mbili. Meneja anasema "bado nyomi halijakaa vizuri". Kuna imani ya ajabu kwamba staa akipanda mapema anajishusha, kwamba wa kufunga lazima afunge kweli, hata kama wa kufungiwa wamebaki robo.

Besiboli ina kisa chake cha namna hiyo, na mashabiki wa Baltimore Orioles hadi leo wakikumbushwa wanainamisha kichwa. Oktoba 4, 2016, mechi moja ya mtoano dhidi ya Toronto Blue Jays, anayefungwa anarudi nyumbani. Orioles walikuwa na Zach Britton, ambaye msimu ule alipewa nafasi 47 za kufunga mechi na akazifunga zote 47. Matokeo yakawa sare. Kocha akasubiri. Akaingiza huyu, akaingiza yule, Britton akiwekwa akiba hadi timu iongoze, kwa sababu wa kufunga huingia timu ikiwa inaongoza. Awamu ya kumi na moja Toronto wakapiga mpira nje ya uwanja, mechi ikaisha. Mrushaji bora wa usiku ule hakurusha hata mmoja. Alikuwa anasubiri muda wake.

Muda wake! Ni neno lile lile la hotelini.

Baada ya usiku ule mjadala ulipamba moto kule. Watu wa takwimu walikuwa wameshapiga kelele kwa miaka kwamba dakika ngumu ya mechi si lazima iwe ya mwisho. Inaweza kuwa awamu ya saba, vituo vyote vimejaa wapinzani, mrushaji wa kwanza amechoka. Anayeokoa pale ameokoa mechi, ila hakuna tarumbeta linalopigwa kwa ajili yake na mshahara wake haufanani na wa yule wa tisa.

Awamu ya saba ya shoo ya Sokoine ni saa nne hadi saa sita usiku. Watu wameshaingia, wameshakunywa, wameshaulizana "yule yuko wapi?" mara ya ishirini. Vyombo vimezingua mara mbili. Mbele kuna vijana watatu wanaotafuta ugomvi. Hapo mshereheshaji anamwita msanii wa nyumbani, na huyo ndiye anayebeba usiku mzima mabegani. Anawajua watu wake. Anatupa mstari wa Kinyakyusa, watu wa Tukuyu wanalipuka. Anawataja Ilomba, Nzovwe, Sae, kila mtaa unapiga kelele kuushinda mwingine. Iringa hivyo hivyo, dogo wa Kihesa akichomekea Kihehe katikati ya mashairi, na utani kuhusu ulanzi, uwanja unacheka pamoja, na watu wakishacheka pamoja hawarushiani chupa. Staa kutoka Dar hawezi kufanya hivyo. Hajui hata Mafiat iko upande gani, ameandikiwa kwenye karatasi.

Dogo huyo akiboronga, watu wanaondoka au wanapigana, na staa akija anakuta uwanja wa nyasi. Yeye ndiye anayefanya ile milioni 15 iwe na maana. Analipwa elfu hamsini.

Rudi kwenye hesabu yetu ya kukadiria. Madogo sita kwa elfu hamsini kila mmoja ni laki tatu, yaani asilimia mbili ya anayochukua staa. Wape laki tatu kila mmoja, inakuwa milioni moja na laki nane. Nyongeza ni milioni moja na nusu, sawa na tiketi 150. Kila msanii wa nyumbani akileta watu 25 ambao wasingekuja, nyongeza imejilipa. Watu 25! Msanii wa Soweto asiyeweza kuleta watu 25 kutoka Soweto ana tatizo lingine. Lakini atawaleta vipi wakati jina lake kwenye bango halipo? Ameandikwa "na wengine kibao", chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, pembeni ya namba ya kununulia tiketi.

Halafu watu wanashangaa kwa nini kila mwenye kipaji anapanda basi kwenda Dar. Kijana mmoja wa Mbeya aliyebeba tuzo ya BET mwaka 2017 (jina libaki kapuni, mnamjua) ilibidi kwanza akawe mtu wa Dar ndipo bei yake ipande. Kabla yake kulikuwa na rapa wa Mbeya aliyeanza enzi ambazo Bongo Fleva ilikuwa inaitwa uhuni, akaja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Mwaka 2011, tayari akiwa bungeni, yeye na wenzake waliojiita Vinega walikuwa bado wanalalamika kwa sauti kubwa kuhusu wasanii kutumika na kulipwa kiduchu. Miaka imepita, mavazi yamebadilika, elfu hamsini ni ile ile, na siku hizi hainunui ilichonunua wakati ule.

Sasa, kuna staa wa aina moja ambaye hastahili hata nusu ya anachodai, na huyu ndiye promota anapaswa kumwangalia kwa macho mawili. Si yule mkubwa kabisa. Yule mkubwa akisema bei, unalipa au unaacha, na ukilipa uwanja utajaa. Ni huyu wa kati. Wimbo wake uliobamba ni wa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo ametoa nyimbo saba ambazo hata dansa wake anazikosea hatua. Anaishi kwa kiki, mara kaachana, mara karudiana, mara kanunua gari ambalo wiki ijayo mwenye gari anaibuka. Bei yake bado ni ya wakati ule wa wimbo mmoja. Huyu hajazi bango, na akipanda hafungi shoo, kwa sababu watu wanaimba naye wimbo mmoja na kwenye wa pili wanatoa simu kutafuta bajaji. Mikoani ndiko anakoishi sasa, kwa sababu Dar wameshamzoea. Anadhani Iringa hawajui. Iringa ina vyuo na watoto wenye bando usiku kucha. Wanajua kabla yake.

Kwa huyo wa kati promota ana nguvu, ila haitumii, kwa kuwa anaogopa bango bila jina la Dar litaonekana la kishamba. Nguvu ni ya maandishi. Sehemu ya tatu ya malipo ilipwe akishuka jukwaani, si kabla ya kupanda. Muda wa kupanda uandikwe, na kila nusu saa ya kuchelewa ikatwe. Nyimbo za kuimba kwa sauti yake zitajwe idadi. Na wasanii wa nyumbani walipwe chao kabla ya saa mbili usiku, mkononi au kwenye simu, si "tuonane kesho ofisini", ofisi ambayo kesho ina kufuli.

Watasema meneja wa Dar hatakubali masharti ya namna hiyo. Wa yule mkubwa hatakubali, sawa. Wa huyu wa kati atabisha, atakata simu, atamwambia promota hajui muziki. Jumanne atapiga tena, kwa sababu kalenda yake ya mwezi ina Jumamosi tatu tupu na kodi ya nyumba ya Mbezi haijui kama wimbo ulibamba.

Mavuno yakishauzwa, mpunga wa Kyela ukishapata wateja na viazi vya Uporoto vikishapanda malori, hela inakuwepo mjini na mabango yanaanza tena. Kuna promota mmoja Mbeya anayesemekana kutaka kujaribu kitu msimu ujao: staa wa Dar apande saa nne na nusu, dakika 40, alale mapema, na wa kufunga awe mtoto wa nyumbani, jina lake liandikwe kwa herufi zile zile. Wenzake wanamcheka. Wanasema saa sita uwanja utakuwa na walinzi na mbwa tu.

Labda. Lakini bajaji za Kabwe zinajua nani anaimbwa kwenye spika zao kila siku, na dogo mwenyewe, alipoulizwa bei yake ya kufunga, inasemekana alinyamaza muda mrefu sana kwenye simu, halafu akasema laki nane, na nauli ya madansa wawili.